Mrija Wenye Uzi wa Kijani

Bi Eula alipofumbua macho na kusema amina, mrija ulikuwa umekwisha kulowa ndani ya leso yake.

Nadine alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara, bilauri mbili za chai baridi mikononi. Hakuona ilivyoanza, aliona mwisho tu. Alimwona mama mkwe wake amevaa kofia ya kanisani siku ya kazi, ameinamisha kichwa, viganja vyake vikavu vimeifumbata leso nyeupe iliyopakwa mafuta ya sala. Katikati ya mikunjo ya leso ulichungulia uzi wa kijani.

Uzi wa kijani ulikuwa mmoja tu darasa zima. Renita, binti wa Nadine, ndiye aliyeufunga, kwa kuwa kijani ndiyo rangi ya timu aliyoifundisha baba yake, Roscoe, mpaka siku aliyoanguka pembeni mwa uwanja, filimbi ikiwa mdomoni.

"Mama," Nadine alisema polepole, "umeutoa?"

"Kidogo tu. Nimeunyakua kwa kile kikoleo, kama nilivyowaona watoto wakifanya." Bi Eula aliurudisha mrija kwenye chupa pana ya baridi iliyokuwa juu ya meza. Chupa ilichemka kwa hasira na moshi mweupe ukamwagika mpaka kwenye sketi yake. "Usinikodolee macho hivyo, sijaungua. Ila kitu chenye alama ya mwanangu hakiendi huko juu bila kuombewa. Sisi hata mtu akienda kung'oa jino tunamwekea mikono."

Nadine aliziweka bilauri chini. 

Ndani ya kila mrija mlikuwa na vimiminika viwili. Upande mmoja protini aliyoichagua mwanafunzi, na Renita alichagua insulini; upande wa pili maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya bluu. Viligandishwa papo hapo vikiwa vimegusana lakini havijachanganyika. Huko angani, ambako hakuna uzito wa kuvivuta chini, baridi ingepungua yenyewe, vimiminika vingeyeyuka na kukutana taratibu, na fuwele zingeota safi kuliko zinavyoota duniani. Lakini mrija ukiyeyuka hapa chini, hata kwa muda wa sala fupi, kazi imeanzia hapa chini. Kuugandisha tena hakusaidii. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nadine ndiye aliyewafundisha watoto hayo muhula mzima. "Kwa huu mrija," alikuwa akiwaambia, "kiganja chako ni jiko la mkaa."

"Mbona umenyamaza?" Bi Eula aliuliza. Sauti yake ilipungua ukali. "Nimekosea?"

Tangu mazishi, Bi Eula hakuwahi kukanyaga shule hii. Hakupita hata barabara ya mbele, ambayo uwanja unaonekana. Asubuhi hiyo ndipo aliposimama barazani kwa Nadine amekwisha vaa kofia, akasema, "Nipeleke nikaone hicho kitu cha mtoto." Njiani hakumtaja hata mara moja yule mwanamume wa maabara aliyekuwa akimtembelea Nadine. Nadine aliuona huo kuwa muujiza mdogo, na mtu haushiki muujiza mdogo kwa mikono ya fujo.

"Hapana, Mama," alisema. "Hujakosea kitu."

*

Wanafunzi walirudi kutoka kwenye chakula cha mchana wakisukumana, na nyuma yao akaingia Wendell Yarbrough akiburuta mtungi mkubwa wa chuma juu ya kigari.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama mtu aliyezoea milango mifupi. Maabara moja ya Huntsville ilimtuma kuzunguka shule za kaskazini mwa Alabama, kuwafundisha vijana kujaza mirija na kuikusanya kwa safari ya angani. Shule nyingine alizitembelea mara mbili. Hii ya Piney Fork alikuwa ameitembelea mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka, na kila mtu mjini alijua kwa nini.

"Bwana Barafu!" Dontrell aliita kutoka nyuma. "Nikitumbukiza kidole humo itakuwaje?"

"Kitavunjika kama biskuti. Jaribu, unavyo vingine tisa."

Darasa likaangua kicheko. Renita hakucheka. Alikaa kiti cha mbele, kidevu juu, akimtazama Wendell kama refa anayengoja kosa.

Wendell aliinua macho, yakakutana na ya Nadine. Yalikuwa macho ya mtu anayengoja jibu na ambaye ameapa kutouliza mara ya pili. Juzi, barazani, nyenje wakilia kwenye miti, alikuwa amemwambia, "Nadine, nataka kukuoa. Usinijibu sasa. Wamenipa kazi California. Ukinikubali, nitawaambia hapana. Ukinikataa, nitakwenda, maana sitaweza kupita mbele ya nyumba yako kila wiki kama mtu anayesoma mita ya maji. Nijibu mirija ikishapakiwa."

Mirija ilikuwa ikipakiwa sasa.

Wendell alivaa glovu zake nene, akamsogelea Bi Eula kwanza. "Karibu, mama. Nimefurahi umekuja."

"Sikuja kwa ajili yako," Bi Eula alijibu bila kumtazama.

"Ndiyo, mama. Nimefurahi hata hivyo."

Akaanza kazi. Aliiinua mirija mmoja mmoja kwa koleo, akaipitisha mbele ya taa kwa kupepesa jicho tu, akaizamisha kwenye mtungi mkubwa, akitaja jina la mwenyewe. Kila jina lilipotajwa, watoto walipiga meza kwa ngumi. Ilikuwa desturi yao wenyewe, waliitoa kwenye mpira.

"Dontrell."

Meza zikalia.

"LaVonne. Safi sana huu, mstari kama umekatwa kwa wembe."

Meza zikalia.

Koleo likainua uzi wa kijani. Likapita mbele ya taa. Likarudi. Wendell akauzamisha mrija haraka kwenye chupa pana ulikotoka. Hakutaja jina.

"Ni wangu," Renita alisema. "Kwa nini umeurudisha?"

"Renita," alisema Wendell, "huu umetolewa kwenye baridi leo?"

"Hapana."

"Hata mara moja? Kuuonyesha mtu, kuupiga picha?"

"Nimesema hapana! Nimeugandisha mwenyewe jana, ukauona mwenyewe, ukasema mzuri."

"Ulikuwa mzuri. Sasa bluu imevuka mstari." Alisema kwa upole, lakini alisema. "Umeyeyuka, binti. Umeyeyuka ukagandishwa tena. Siwezi kuupeleka."

Hakuna meza iliyolia. 

"Unasema uongo," Renita alisema.  "Mirija yote ya watu haina kosa, ila wa baba yangu tu? Unataka hata huko juu asifike. Unataka kiti chake, unataka nyumba yake, na sasa hata hiki kidogo unakinyang'anya!"

"Renita!" Nadine aliita.

"Mwambie basi, Mama! Wewe umekaa humu mchana kutwa. Mwambie haukutolewa!"

Nadine alifungua mdomo. Upande wa dirisha alimwona Bi Eula, leso imebanwa mapajani, jicho limeganda kwenye chupa. Bikizee hakuwa mjinga. Alikuwa akiunganisha mambo, na uso wake ulikuwa ukibadilika rangi taratibu kama mbingu kabla ya kimbunga.

Wendell naye alimtazama Nadine. Hakuhitaji kuambiwa. Aliona, na baada ya kuona akayaondoa macho yake na kuyapeleka sakafuni, asimwonyeshe kwa mtu.

"Nitaongeza naitrojeni ya kugandishia kutoka kwenye gari," alisema. "Nipeni muda kidogo."

*

Nadine alimkuta nyuma ya ukumbi wa michezo, mlango wa gari uko wazi. Joto la Septemba lilipanda kutoka kwenye lami. Ng'ambo ya uzio uwanja ulilala mtupu na nyasi zake zilizokatwa.

"Ulikuwepo," Wendell alisema, bila kugeuka.

"Nilikuta amemaliza. Aliuombea, Wendell. Aliushika kwenye leso akauombea kama mtoto anayepelekwa hospitali. Akaniuliza kama amekosea."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hapana."

Wendell alizivua glovu zake, akazivaa tena. "Ah, Nadine."

"Usinipigie ah. Wewe humjui. Amemzika mume, amemzika mwana. Leo ndiyo mara ya kwanza ametia mguu hapa. Nikimwambia mikono yake ndiyo iliyouharibu mrija wa mjukuu wake, atarudi ndani na kufunga pazia, na safari hii hatatoka tena." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Upeleke. Ni mrija mmoja kati ya mamia. Nani atajua?"

"Wewe utajua."

"Mimi nitaweza kuishi nao."

"Na mimi nitajua. Na huko juu fuwele zitatokea, na mtu atasema tazameni anga ilivyofanya, kumbe si anga, ni dunia ilianza kazi kabla. Utakuwa uongo uliofungwa kwa uzi wa kijani. Unataka hilo ndilo lipande kwa jina la Roscoe?"

"Usilitaje jina lake!"

Lilimtoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Ndege waliokuwa juu ya paa waliruka. Wendell alivumilia kama mtu anayevumilia mvua.

"Sawa," alisema baadaye. "Silitaji."

"Nimekuomba kitu kimoja tu," Nadine alisema, na machozi sasa yalikuwa yamemfika. "Tangu nikujue sijakuomba kitu. Yule mtoto anakuchukia, Wendell. Mimi nimelala macho wazi nikitafuta njia ya kukuingiza nyumbani kwangu bila ya mlango kuvunjika. Leo mlango ulifunguka kidogo. Useme tu ulikosea kuangalia. Useme ni mwanga wa taa. Utapungukiwa nini?"

Wendell alimtazama. Alikuwa na macho ya hudhurungi, na Nadine alikwisha kuyaona yakicheka, yakichoka, yakimtamani ng'ambo ya meza yenye watoto. Hakuwa amewahi kuyaona yakiumia namna hii.

"Nitakwambia ninachoweza na nisichoweza," alisema. "Ninaweza kunyamaza. Sitamtaja mama mkwe wako wala wewe. Renita anichukie, mji mzima uniite mwizi wa mrija, nitabeba. Hilo la nani aliutoa si langu, ni lenu. Lakini sitasema haukuyeyuka. Na hautapanda."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Hasa kwa ajili yako. Leo nikikudanganyia mtoto, kesho utakapoamka karibu yangu, utajuaje siku gani ninakudanganya wewe?"

"Basi nenda California," Nadine alisema.

Neno likaanguka kati yao. Wendell aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa kitu alichokitarajia. Kisha akainua chombo cha naitrojeni, akaelekea ndani, moshi mweupe ukimfuata miguuni.

Nadine alibaki ameshikilia uzio. Akautazama ule uwanja. Akamwona Roscoe, kama alivyomwona kila siku, na bilauri kubwa ya chai ya sukari mkononi, akipaza sauti kwa vijana. *Nipo sawa, mpenzi. Daktari amesema nipo sawa.* Daktari hakuwa amesema hivyo. Nadine alikuja kuyajua hayo hospitalini, baadaye, kutoka kwa muuguzi aliyedhani mke anajua. Roscoe hakuwa mtu mbaya. Alipenda watu wafurahi, basi. Alimwambia kila mtu kile alichotaka kusikia, hata damu yake mwenyewe ilipokuwa ikimwambia vingine.

*Hapana, Mama. Hujakosea kitu.*

Alijipangusa uso kwa mkono wa blauzi, akarudi ndani karibu akikimbia.

*

Wendell alikuwa anataja majina ya mwisho. Meza zililia, lakini kwa uvivu. Renita alikuwa amelaza kichwa juu ya mikono yake.

"Renita," Nadine alisema. "Simama, mwanangu. Nina neno."

Msichana aliinua uso uliovimba.

"Bwana Yarbrough hajasema uongo. Mrija wako ulitolewa wakati mko kwenye chakula. Nilijua. Ningeweza kusema alipouliza, nikanyamaza, nikakuacha umtukane mtu mbele za watu kwa kosa lisilo lake."

"Ulitolewa na nani?"

Nadine alipumua. "Na mtu anayempenda baba yako kuliko sisi wote."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Bi Eula, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba wote wameelewa. Kiti kilikwaruza sakafu. Bikizee alisimama, akaishika meza, akaiweka sawa kofia yake.

"Nilikuuliza," alimwambia Nadine. "Nilikuuliza kama nimekosea."

"Nilikudanganya, Mama. Nisamehe."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ufurahi."

Bi Eula alilitafuna neno hilo. Nadine alingoja pigo. Alikuwa amejiandaa kwa pazia kufungwa, kwa kiti kitupu kanisani, kwa lolote. Lakini bikizee alianza kutikisa kichwa, pole pole, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu anayezungumza na nafsi yake.

"Roscoe naye alitaka nifurahi. Kila Jumapili namuuliza, baba, sukari yako vipi? Ananiambia iko chini, mama, niongeze mkate wa mahindi. Na mimi namwongezea." Akaikunja leso yake, akaikunja tena. "Nilimwongezea kwa mkono wangu huu. Kila siku najiuliza, hapakuwa na mtu mmoja wa kunikatalia? Mtu mmoja wa kusema, Eula, weka sahani chini?"

 Renita alikuwa amesimama ubavuni pake, hakuna aliyeona amefikaje.

Bi Eula akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, akamtazama Wendell Yarbrough usoni.

"Wewe. Ulijua ni mimi?"

"Nilihisi, mama."

"Na hukusema."

"Haikuwa yangu kusema."

"Lakini mrija wenyewe umeukataa. Hata baada ya huyu kukufuata huko nje na macho yake mekundu. Usifikiri sikuona. Amekuomba, ukakataa?"

"Nilikataa, mama."

"Hm," alisema Bi Eula, na akaketi.

Renita alimsogelea Wendell. Alisimama mbali kidogo, mikono ameikunja kifuani. "Nionyeshe," alisema. "Sitaki kuambiwa. Nionyeshe."

Wendell akampa glovu. Akamwachia koleo alishike mwenyewe. Renita aliuinua mrija mbele ya taa, na Nadine, kutoka alipokuwa, aliuona pia: bluu haikusimama tena kwenye mpaka wake, ilikuwa imetanda kama wino kwenye karatasi iliyolowa.

"Umeanza tayari," Renita alisema kwa sauti ndogo.

"Umeanza tayari. Hauwezi kupanda, lakini haujafa. Uweke mahali patulivu, usiutikise. Insulini inapenda kuachwa peke yake. Huenda fuwele zikaota hapahapa."

"Mkononi mwa Bibi."

"Ndiyo, kwa kuanzia mkononi mwa Bibi."

Renita aliuma mdomo. Kisha akaufungua uzi wa kijani kwa vidole vilivyonenepeshwa na glovu. "Basi chukua uzi tu. Ufunge kwenye mirija ya wenzangu. Uzi hauna insulini, hauna kitu."

Wendell aliutazama ule uzi kwa huzuni ya kweli. "Kila kinachoingia kwenye mtungi kimepimwa na kukubaliwa, Renita. Siwezi."

"Hata uzi?"

"Hata uzi."

"Yesu wangu," Dontrell alinong'ona kutoka nyuma, "huyu mtu hajui ndiyo inaandikwaje."

Kicheko kilimtoka Renita kabla hajakizuia, kikiwa kimechanganyika na kilio, na akageuka haraka kuuficha uso wake begani kwa bibi yake.

*

Vijana walimsaidia kuusukuma mtungi mpaka kwenye gari, wakaupigapiga ubavu kwaheri kama farasi, wakatawanyika. Wendell aliufunga kwa mikanda. Usiku huo angeendesha kuelekea Florida, roketi inakorushiwa, na kutoka huko ndege ya California ilikuwa ikimngoja, isipokuwa mtu amzuie. Aliyepaswa kumzuia alikwisha kumwambia aende.

Nadine alisimama pembeni, mikono ameifumbata.

"Umejaa?" aliuliza.

"Umejaa. Kasoro nafasi moja." Alifunga mlango wa nyuma, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Nadine, lile swali langu la juzi. Umekwisha nijibu, nami nimesikia. Sitaki ujione una deni nalo."

"Ndiyo."

"Ndiyo, nisikudai?"

"Ndiyo, nitaolewa na wewe."

Mkono wa Wendell ulibaki kwenye kitasa. Alimtazama kwa muda, na Nadine akaona matumaini yakipanda usoni pake na yeye akiyakandamiza chini kwa nguvu zote.

"Usifanye hivyo," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Usinihurumie. Nimekukatalia wewe, nimemkatalia mtoto, nimekataa mpaka uzi. Unasema ndiyo kwa sababu siku imekuwa nzito."

"Wendell." Alimshika mkono. Ulikuwa baridi bado, hata katika joto lile. "Nimelala miaka na mwanamume aliyeniambia ndiyo kila siku. Nilimpenda, na nitampenda mpaka nizikwe. Lakini usiku nilikuwa nikimsikiliza anavyopumua, kwa sababu pumzi yake ndiyo pekee ambayo haikuweza kunidanganya. Nimechoka kusikiliza pumzi. Nasema ndiyo kwa sababu ulikataa."

 Wendell aliuinua mkono wa Nadine uliomshika, akauweka shavuni pake, akafumba macho. 

"Nadine!"

Bi Eula alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyuma, Renita amemshika kiwiko. Kwenye kiganja cha msichana ilikaa bilauri ya chai, tupu, na ndani yake umesimamishwa mrija mmoja, umefungwa tena uzi wake wa kijani.

"Mwambie aondoke, baridi yake itamwishia njiani!" bikizee alipaza sauti. "Akirudi, Jumapili, baada ya ibada. Napika bamia, na asiniambie tamu kama si tamu. Na kiti cha Roscoe asikikalie. Kiti cha Roscoe hakikaliwi. Aje na cha kwake!"

Akageuka, akaingia ndani.

Wendell alifumbua macho. "Amesema nini?" aliuliza taratibu, kama mtu asiyeamini masikio yake.

Nadine alikuwa akicheka, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, na hakuyapangusa.

"Amesema uje na kiti."